Nzi wa Ndizi na Jeni Zinazopokezana

Mkulima wa Machui au Kizimbani hapa Unguja ukimtajia nzi wa matunda, atakuonyesha embe lililotobolewa. Anayemlalamikia ni mdudu mkubwa kiasi, wa kahawia na manjano, kwa jina la kitaalamu Bactrocera dorsalis. Asili yake Asia. Pwani ya Kenya alionekana mwaka 2003, kisha akatapakaa bara zima na visiwa vyake. Jike lake lina mkuki mkiani, hutoboa ganda la embe na kutaga ndani, na mwenye shamba hajui mpaka embe lianguke likiwa limeoza. Makala hii si yake. Ni ya yule mwingine, kijinzi cha milimita mbili hadi tatu, mwenye macho mekundu, anayezunguka juu ya ndizi za kisukari zilizopita kuiva pale Darajani. Huyu hana ubavu wa kutoboa embe zima. Husubiri tunda lipasuke lenyewe na kuanza kuchacha, kwa kuwa anachokifuata hasa ni hamira inayoota kwenye utamu. Anaitwa Drosophila melanogaster, jina alilopewa na Mjerumani Johann Wilhelm Meigen mwaka 1830. Hasara yake kwa mtu ni ndogo, ukiondoa aibu ya kumkuta kwenye bakuli la matunda wageni wakiwapo.

Nimefundisha biolojia skuli za sekondari hapa Unguja kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na somo la urithi nililikuta likianzia kwenye njegere za Mendel: ndefu kwa fupi, laini kwa zilizokunjamana. Sina ugomvi na Mendel. Lakini shamba la njegere Unguja sijaliona, na mwanafunzi wa Mkunazini au Kikwajuni njegere anaijua ikiwa tayari imo sahanini. Nzi wa ndizi yuko jikoni kwao. Basi nikaanza kuwafuga skuli, na tangu nimestaafu nawafuga nyumbani Kiponda, chumba cha juu kinachopata upepo. Chupa ya jemu iliyosafishwa, kipande cha ndizi mbivu, chembe za hamira juu yake, karatasi iliyokunjwa ili mabuu wapate pa kupandia, na kitambaa chepesi kilichofungwa mdomoni kwa mpira. Meza lazima isimame na miguu yake ndani ya mikebe ya maji, la sivyo sisimizi wa Mji Mkongwe hawabakishi hata yai. Muuza ndizi wangu ameshazoea. Nikifika huniuliza, "Mwalimu, leo za kula au za wageni wako?" Za wageni hunipa bure.

Maabara za Ulaya na Marekani huwaweka nzi hawa kwenye makabati ya umeme yanayoshikilia nyuzijoto 25 usiku na mchana. Sisi kabati hilo tunalo mwezi wa Julai, kusi inapovuma, na hakuna anayelipia umeme. Katika joto hilo yai huanguliwa baada ya kama saa 22 hadi 24. Buu hula bila kupumzika, hujivua mara mbili, kisha hujifunga ndani ya ganda la kahawia ukutani mwa chupa. Kwenye siku ya kumi hivi tangu yai kutagwa, anatoka nzi mzima mwenye mbawa. Ndani ya muda huo mfumo wa neva umejengwa mara mbili: kwanza wa buu, kiumbe cha kutambaa na kula tu, kisha wa nzi anayeruka, anayeona, anayekumbuka harufu iliyomletea mashaka, na kama ni dume, anayemwimbia jike kwa kutikisa ubawa mmoja.

Swali lililonifunga na nzi hawa liliulizwa na msichana wa kidato cha tatu, mmoja wa wale wanaokaa nyuma na kunyamaza. "Mwalimu, kama kila seli ina jeni zote, seli ya jicho inajuaje kwamba yenyewe si ini?" Kitabu cha kiada kilikuwa na mstari mmoja juu ya jambo hilo, kikapita. Nilimjibu nilivyoweza siku ile, na tangu hapo nimekuwa nikiliongezea jibu hilo nyama.

Nzi wa ndizi ana jeni zipatazo 14,000 zinazotengeneza protini, zilizopangwa kwenye jozi nne tu za kromosomu. Orodha yake ilichapishwa Machi 2000, kama mwaka mmoja kabla ya rasimu ya orodha ya binadamu. Kila seli ya nzi, iwe ya utumbo, ya ubawa au ya ubongo, inazibeba zote. Kinachotofautisha seli na seli ni jeni zipi zinasomwa. Jeni husomwa pale kipande chake cha DNA kinaponakiliwa kuwa RNA, na RNA hiyo ikatumika kutengenezea protini. Jeni isiyosomwa haijapotea. Ipo, imefungwa, inangoja zamu ambayo pengine haitakuja. Na baadhi ya protini zinazotokana na jeni hazijengi kitu chochote, bali kazi yake ni kwenda kuwasha au kuzima jeni nyingine. Hizo ndizo zenye amri.

Kwa msomaji wa Unguja naona mfano ulio karibu ni maulidi ya Barzanji. Kitabu ni kimoja, na waliokaa mkekani huenda kila mmoja anacho. Lakini hawasomi wote kila mlango. Mmoja anaanza, akimaliza mwingine anapokea, na kila mlango una mahali pake. Wa kuzaliwa hausomwi kabla ya wakati wake, na watu wakishasimama na kuketi tena, hakuna anayerudi nyuma kusimama upya. Sehemu hiyo ya mwisho ishikeni, tutaihitaji.

Kusomwa kwa jeni kunaonekana hata kwa hadubini ya skuli. Chukua buu aliyenona, yule anayepanda ukutani mwa chupa akikaribia kujifunga. Mtie kwenye tone la maji ya chumvi, mshike katikati kwa sindano moja, na kwa nyingine mnase pale mdomoni penye vindoana vyeusi, kisha vuta taratibu. Kichwa kitatoka na vitu viwili. Cha kwanza ni ubongo: vitufe viwili vyeupe na mkia wa neva nyuma yake, vyote kwa pamoja havizidi sana milimita moja. Wanafunzi hukataa kwamba huo ni ubongo mpaka waone nyuzi za neva zikitoka kwenye ule mkia kama zilivyochorwa kitabuni. Cha pili ni tezi za mate, mifuko miwili mirefu inayong'aa. Seli za tezi hizo hunakili DNA yake tena na tena bila kugawanyika, hata nakala zaidi ya elfu moja zikalala sambamba na kuwa kromosomu moja nene. Ukiitia rangi na kuibonyeza chini ya kioo, inaonekana ina mistari ya giza na mwangaza, na hapa na pale imevimba. Palipovimba ndipo panaposomwa wakati huo.

Mwaka 1962 Mwitaliano Ferruccio Ritossa aliona vivimbe mahali asipovizoea. Kumbe kulikuwa na mtu aliyepandisha joto la kabati la nzi. Joto lenyewe ndilo lililoziamsha jeni hizo, na baadaye ikajulikana kwamba protini zake huzisitiri protini nyingine zisiharibike kwa joto. Jeni za ukoo huo tunazo na sisi binadamu. Nimelipenda tukio hilo kuliko mengi yaliyomo vitabuni, maana linaonyesha kwamba jeni haisomwi kwa amri ya ndani peke yake. Hali ya nje nayo hugonga mlango.

Ndani ya ubongo wa nzi seli ni ndogo mno, vivimbe havionekani. Huko wataalamu wanatumia hila nyingine. Mwaka 1989 Diethard Tautz na Christine Pfeifle walionyesha namna ya kuitia rangi RNA ya jeni moja ndani ya kiinitete kizima, hata ukaona jeni hiyo inasomwa wapi na wapi haisomwi. Mwaka 1993 Andrea Brand na Norbert Perrimon wakaleta mbinu ya kuchukua swichi ya jeni fulani na kuifanya iwashe kitu chochote unachotaka. Mbinu hiyo ikaja kuunganishwa na protini ya kijani inayong'aa, iliyotoka kwa kiwavi wa baharini aitwaye Aequorea victoria, mnyama wa jamii ya wale wanaotuwasha tukioga pwani. Ukitazama ubongo wa nzi ulioandaliwa hivyo, seli zinazoisoma jeni yako zinawaka kijani na nyingine ziko gizani.

Turudi kwenye yai, maana huko ndiko mambo yaliko. Kabla hajalitaga, mama ameshaweka upande wa mbele RNA ya jeni iitwayo bicoid. Kwa saa tatu za mwanzo viini vinagawanyika mara 13 bila kuta za seli, haraka haraka, mgawanyiko wa mwanzo ukichukua dakika zisizozidi kumi. Vinafika kama 6,000, ndipo kuta zinapojengwa. Wakati huohuo jeni zinapokezana kugawa mwili kuwa kichwa, kifua na tumbo. Waliotuonyesha jeni hizi ni Christiane Nüsslein-Volhard na Eric Wieschaus, waliokaa Heidelberg wakikagua maelfu kwa maelfu ya viinitete vilivyoharibika na kuuliza kila kimoja kimekosa nini. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1980, na mwaka 1995 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edward Lewis. Jeni zilipewa majina kwa ulemavu unaotokea zikikosekana: hunchback, kwa maana ya kibyongo, na Krüppel, kiwete kwa Kijerumani. Leo asingethubutu mtu kuchagua majina hayo, lakini yameshika.

Sasa neva. Upande wa mgongo wa kiinitete kuna protini iitwayo Dpp, na ilipo kwa wingi seli zinakuwa ngozi. Kwenye mbavu kuelekea tumboni kuna nyingine, Sog, inayoizuia Dpp, na pale Dpp ilipozuiwa seli zinaweza kuwa neva. Ndiyo maana uzi mkuu wa neva wa nzi uko tumboni. Wetu uko mgongoni. Mfaransa Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alidai mwaka 1822 kwamba mdudu ni kama mnyama mwenye uti wa mgongo aliyepinduliwa, akachekwa sana. Katika miaka ya 1990 ikagundulika kwamba chura naye ana protini ya ukoo wa Sog, iitwayo Chordin, nayo inafanya kazi ileile ya kutetea neva dhidi ya protini ya ukoo wa Dpp, ila upande wa mgongo. Geoffroy hakuwa amekosea kiasi walivyodhani.

Katika eneo hilo lililoruhusiwa, seli hujikusanya tano au sita, kila moja ikizisoma jeni za kuwa neva. Lakini si zote zitakazopata. Seli iliyotangulia kidogo hutoa nje protini iitwayo Delta, na Delta ikigusa protini ya Notch kwenye seli jirani, jirani huzima jeni zake za neva na kubaki ngozi. Kila jirani anavyozidi kuzima, ndivyo ya kwanza inavyozidi kuwasha, mpaka inabaki moja. Jina Notch lilitokana na nzi wenye mbawa zilizomeguka, waliotambuliwa Marekani katika miaka ya 1910. Miaka ya 1930 Donald Poulson akatazama viinitete vilivyokosa jeni hiyo kabisa, akakuta neva zimejaa kupita kiasi na ngozi imepungua. Bila jirani wa kuizuia, kila seli ilikuwa imejichagulia kuwa neva.

Seli iliyoshinda huzama ndani, chini ya tabaka la nje, na kuwa seli mama ya neva. Kila nusu ya pingili ya mwili ina seli mama zipatazo 30, na wanaozijua wanaweza kukutajia kila moja kwa namba yake. Seli mama haigawanyiki sawa kwa sawa. Upande mmoja anabaki mama, mkubwa, akiendelea na kazi, na upande wa pili anatoka binti mdogo, ambaye hugawanyika mara moja tu kutoa seli mbili, kwa kawaida neva. Kisha mama anazaa binti mwingine, na mwingine. Swali la msichana wangu sasa linazidi ugumu, kwa sababu mabinti wa mama mmoja hawafanani. Mmoja anapeleka uzi kwenye msuli huu, mdogo wake kwenye msuli ule. Mama ni yuleyule, na jeni zote ni zilezile.

Mwaka 2001 Takako Isshiki, Chris Doe na wenzao katika Chuo Kikuu cha Oregon walionyesha kinachoendelea. Seli mama inasoma jeni kwa zamu. Mwanzo inasoma hunchback, ileile iliyokwishatumika saa chache nyuma kugawa mwili. Kisha inaizima na kusoma Krüppel, halafu pdm, halafu castor. Binti anayezaliwa mama akiwa kwenye hunchback anaondoka na alama ya hunchback na kuwa neva ya aina moja, na anayezaliwa wakati wa Krüppel anakuwa ya aina nyingine. Kuna seli mama moja, namba 7-1, ambayo mabinti zake watano wa mwanzo hutoa neva tano za misuli: mbili za zamu ya hunchback, ya tatu ya Krüppel, ya nne ya pdm, ya tano ya castor. Wakiilazimisha seli hiyo iendelee kusoma hunchback, inaendelea kuzaa neva za aina ya mwanzo. Wakiinyima hunchback, za mwanzo hazipatikani, ingawa zinazofuata zinakuja kwa mpango wake.

Hapo ndipo inapoingia ile sehemu ya maulidi niliyosema tutaihitaji. Ukisubiri seli mama izae mara kadhaa ndipo uiletee hunchback kwa nguvu, haisikii tena. Protini ipo, inaonekana, lakini neva za mwanzo hazizaliwi. Mwaka 2013 Minoree Kohwi na Doe walieleza kitu ambacho mimi nilikisoma mara mbili nisiamini. Ndani ya kiini cha seli, jeni ya hunchback inahama. Mwanzoni imekaa ndani, mahali panapofikika. Baada ya seli mama kugawanyika kiasi cha mara tano, jeni hiyo inasogezwa hadi ukingoni, kwenye utando unaokizunguka kiini, na kule ukingoni inafungwa. Kuzimwa kulikuwa kumetangulia. Kuhama ndiko kunakoufunga mlango usifunguke tena. Wakiuchezea ule utando, muda wa seli kuitikia hunchback unarefuka. Yaani umri wa seli mama umo katika mahali jeni ilipokaa.

Msomaji ataniuliza hayo yatuhusu nini sisi tusio nzi. Panya wana jeni ya ukoo wa hunchback, Ikaros, nasi pia tunayo. Katika jicho la panya na katika gamba la ubongo wake, Ikaros inapatikana kwenye seli mama zikiwa changa na inasukuma upatikanaji wa neva za mwanzo, kisha inapungua. Mpangilio wa kupokezana kwa zamu unaonekana ni wa kale, kabla mdudu na mnyama mwenye uti wa mgongo hawajaachana njia. Sitaki kwenda mbali zaidi ya hapo. Nzi hatakuambia kwa nini mtoto fulani amezaliwa na mgongo wazi, na mzazi aliye kwenye hali hiyo asitafute jibu kwenye chupa ya jemu.

Jambo moja dogo nalipenda hata hivyo. Yai likikaribia kuanguliwa, seli mama nyingi zinalala, haziendelei kuzaa. Buu akitoka na kuanza kula, zinaamka. Kinachoziamsha ni chakula chenye protini, yaani ile hamira niliyoinyunyiza. Mafuta ya mwilini yanahisi chakula, yanapeleka habari, na seli zinazozizunguka zile mama zinatoa protini za ukoo wa insulini. Buu aliyekula sukari tupu seli zake hazishtuki. Kwa zile zilizoamka, hesabu ya neva zinazozaa ni kubwa. Ramani kamili ya ubongo wa buu, iliyochapishwa Machi 2023, ina neva 3,016. Ya nzi jike mzima, iliyotoka Oktoba 2024, ina neva 139,255 na viungo vyake zaidi ya milioni 50, vyote ndani ya kichwa kinachoenea kwenye ncha ya penseli.

Unguja yenyewe ina deni kwa nzi huyu, ingawa wengi hawalijui. Mwaka 1927 Hermann Muller alionyesha kwa nzi wa ndizi kwamba miale ya eksirei huvunja na kubadili jeni. Kutokana na elimu hiyo likaja wazo la kuwaharibu madume wa mdudu mbaya kwa miale, kuwaachia kwa wingi, na kuwaacha majike wapandwe bure. Hapa kwetu mbung'o wa aina ya Glossina austeni alikuwa akiwaua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana. Kuanzia Agosti 1994 hadi Desemba 1997 waliachiwa juu ya Unguja, kwa ndege ndogo, madume tasa zaidi ya milioni 8.5, waliozalishwa na kupigwa miale Tanga kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Kiinitete cha dume wa namna hiyo kinaanza safari, lakini kromosomu zimekatika, jeni hazisomeki inavyopasa, na kinakufa mapema. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa Septemba 1996. Wafugaji wa upande wa Jozani na Muyuni wanajua tofauti bila kutajiwa Muller.

Na nzi wa ndizi si mgeni bara hili. Vitabu humchora katika chupa za New York, kwa sababu Thomas Hunt Morgan alimpata nzi mwenye macho meupe huko mwaka 1910. Asili yake ni kusini mwa Afrika ya kati. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Marcus Stensmyr wa Lund, Uswidi, walimkuta akiishi mwituni Matobo, Zimbabwe, mbali na watu, chini ya miti ya mng'ongo. Ikaonekana kwamba harufu ya ng'ongo zilizoiva bado inamvuta kuliko machungwa. Alipoanza kufuatana na binadamu ndipo akafika kila pahala. Maabara za Kizungu zimemrithi, lakini kwao ni kwetu.

Hilo limeanza kueleweka. Mwaka 2011 kundi la wanasayansi vijana, Lucia Prieto-Godino, Tom Baden na Sadiq Yusuf, walifungua mafunzo ya neva za wadudu katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala iliyoko Ishaka, Bushenyi, magharibi ya Uganda. Walichagua nzi wa ndizi kwa hoja ileile ya muuza ndizi wangu: ni bure, na hana gharama ya kumlisha. Ukiwa na hadubini na chupa, umeanza. Nawaambia walimu wenzangu wanaolia kukosa maabara kwamba Ishaka si Cambridge, na kazi ilifanyika.

Prieto-Godino mwenyewe aliendelea na nzi, na mmoja wa aliowachunguza ni jirani yetu wa Bahari ya Hindi. Shelisheli kuna aina iitwayo Drosophila sechellia, anayeishi karibu maisha yake yote kwenye tunda la noni, lenye harufu kali na asidi inayowaua nzi wengine wa jamii yake. Neva zake za harufu zimebadilika. Aina fulani ya neva zinazonusa noni zimeongezeka mara mbili hadi tatu kuliko kwa nzi wetu. Lakini kuna jeni moja iliyomshangaza. Kwa nzi wetu, jeni ya Ir75a hutengeneza kipokezi kinachonusa asidi ya siki. Kwa yule wa Shelisheli, katikati ya jeni hiyo pametokea alama ya kusimama. Kwa kanuni zilizokuwapo, jeni yenye alama hiyo mahali pale inahesabiwa imekufa, na mtu aliyeangalia orodha ya herufi peke yake angeipitisha kalamu nyekundu.

Mwaka 2016 Prieto-Godino na Richard Benton wa Lausanne, pamoja na wenzao, walipima neva zenyewe na kukuta jeni hiyo hai. Mashine ya kutengeneza protini inafika kwenye alama, inaipita, inakamilisha kazi. Inaipita ndani ya neva, na kwenye seli nyingine walizojaribu inasimama palepale kama ilivyoandikwa. Herufi zinazofuata baada ya alama ndizo zinazoiruhusu ipitwe. Kipokezi kinachopatikana hakinusi tena siki, bali harufu nyingine, kwa sababu ya mabadiliko mengine machache ndani ya jeni hiyohiyo. Kisha wakatafuta kwa Drosophila melanogaster, huyu wa kwetu, wakakuta naye baadhi ya jamaa zake wana jeni za harufu zenye alama ya kusimama, zinazosomwa na kutumika kama kawaida.